Pima kwanza, pushirodi utanunua baadaye

Ukishabadilisha kemshafti (shafti inayofungua vali), ukachonga uso wa hedi (kichwa cha silinda) au ukaweka gasketi nyembamba, zile pushirodi za mwanzo, yaani fito zinazopeleka msukumo wa kemshafti hadi kwenye roka, usiziamini tena, hata kama zinaingia bila shida. Kila badiliko la namna hiyo linahamisha roka (mkono unaobonyeza vali), na roka iliyokaa vibaya huisukuma vali kwa ubavu. Gaidi, mrija unaoongoza stemu ya vali, inaliwa, oili inaanza kupita, na sehemu ya mnyanyuko (umbali vali inaofunguka) uliolipia haifiki kwenye vali. Hapa nazungumzia injini za V8 zenye roka zenye rola kwenye ncha, zilizofungwa kwenye stadi (boliti iliyosimama kwenye hedi).

Mimi nafunga hedi kwa gasketi ileile itakayotumika na kukaza boliti kwa kipimo chake kamili. Kwenye silinda namba moja natoa springi nzito na kuweka springi laini za kupimia. Springi nzito huikunja pushirodi ya kupimia, ile inayorefushwa kwa kuizungusha, na hapo vipimo vyote vinadanganya. Kama tapeti, vipande vinavyokaa kati ya kemshafti na pushirodi, ni za haidroliki, tumia tapeti ngumu wakati wa kupima, maana ya haidroliki huzama.

Paka wino wa maka peni kwenye ncha ya vali. Funga roka, ondoa uwazi wote bila kukandamiza, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande ambao injini huzungukia. Toa roka utazame alama.

Wengi wanahangaika alama iwe katikati. Mimi natazama upana kwanza. Rola iliyokaa sawa husogea kidogo kuelekea upande wa egzosti, yaani nje, mpaka vali ifike nusu ya mnyanyuko, halafu inarudi ilipoanzia vali ikifunguka kabisa. Ndiyo maana njia yake ni fupi: milimita 1 hadi 1.5 hivi, na hata 2 naikubali. Pushirodi ikiwa ndefu mno, rola huanzia upande wa egzosti na kutambaa kuelekea ndani muda wote. Ikiwa fupi mno, huanzia ndani na kutambaa kwenda nje. Zote mbili huacha alama pana. Alama nyembamba iliyopita kitovu kidogo naipokea. Pana iliyo katikati kabisa naikataa. Ikiwa nyembamba lakini inakaribia ukingo wa ncha, usiendelee kuchezea urefu, chunguza roka na mahali stadi ilipo.

Kuhakikisha, nafunga dayali geji (kipimo cha mshale) juu ya kisahani cha springi. Kama mnyanyuko wa vali ni milimita 13, nasimamisha kranki dayali ikisoma 6.5. Hapo mstari kutoka kitovu cha mhimili wa roka hadi kitovu cha pini ya rola unapaswa kukata stemu ya vali kwa nyuzi 90. Fanya hivyo kwa vali ya inteki na ya egzosti, kwani si lazima zilingane.

Ukiridhika, toa pushirodi ya kupimia bila kuizungusha, uipime, kisha ongeza mkandamizo wa tapeti za haidroliki kama mtengenezaji wake anavyotaka. Muulize muuzaji anapimaje: wengine hupima ncha hadi ncha, wengine huhesabu kana kwamba tundu la oili halikukata mviringo wa ncha. Tofauti hiyo ndogo inatosha kukuharibia kazi yote.

Springi laini zikiwa bado ndani, pima nafasi kati ya vali na pistoni. Simamisha kranki nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kwa egzosti, na nyuzi 10 baada ya hapo kwa inteki, wakati vali zote mbili ziko wazi. Sukuma vali kwa kidole mpaka iguse pistoni, soma dayali, kisha rudia kwa nyuzi 5 na 15. Kwa konrodi (fito zinazounganisha pistoni na kranki) za chuma sishuki chini ya milimita 2 inteki na 2.5 egzosti.

Mwisho rudisha springi nzito, ufungue vali kabisa. Koili zibakize jumla ya milimita 1.5 kabla ya kugusana, na roka isiguse kisahani. Pitisha waya wa klipu ya karatasi, wenye unene wa milimita 1 hivi, kati ya stadi na tundu la roka. Usipopita, tafuta roka zenye tundu refu zaidi.