Kama umepewa boza la mafuta kwa mara ya kwanza

Ukitoka kwenye kubeba saruji, jua kwamba mafuta hayatulii. Chukua chupa ya maji, ijaze nusu, ilaze kwenye dashibodi, kisha piga breki. Ile ngumi inayogonga mbele ndiyo itakayokusukuma wewe, ila itakuwa ya maelfu ya lita.

Wahandisi walishalichunguza wimbi hilo. Ndiyo maana tangi lina vyumba, na ndani yake kuna kuta zenye matundu. Kuta hizo zinavunja wimbi la mbele na nyuma. La ubavuni haziliwezi sana, na kwenye kona hilo ndilo linalolaza gari. Mteremko wa Kitonga ingia na gia ndogo tangu juu. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake. Na ukishusha mzigo vituo viwili, maliza chumba kimoja ndipo ufungue kingine. Vyumba vya nusu nusu ndivyo vibaya zaidi.

Depo usikubali kujaziwa hadi mdomoni. Petroli hupanuka kama sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 36,000 zikipanda nyuzi 10, lita kama 360 zinatafuta pa kutokea. Bosi wangu mmoja hakutaka kusikia habari hizo. Tulipofika Chalinze mchana, chumba cha pili kilikuwa kinalia kwenye kifuniko, na mstari mweusi umeshuka ubavuni juu ya vumbi. Utingo alidhani ni jasho la tangi!

Mpira wa kifuniko ubonyeze kwa ukucha. Alama ya ukucha ikibaki, dai mpira mwingine kabla hujaondoka.

Halafu valvu ya ndani, ile ya chini ya tangi. Madereva wengi huiacha wazi, wanaitegemea koki ya nje. Gari dogo likigonga bomba la pembeni, koki inang'oka, na hapo valvu ya ndani pekee ndiyo inayobakiza mzigo. Ifunge kila unapoondoka, hata kama unahamia pampu ya pili tu.

Boza likilala, zima injini, usiguse simu, simama upande upepo unakotokea na ufukuze watu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, boza lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota mafuta, moto ukawaka, wakafa takriban 100. Watakutukana, watasema unawabania. Wafukuze tu.