Jinsi ya kuomba ruzuku ya ushiriki wa wenyeji wa asili katika usimamizi wa uwindaji wa ndege wahamao, Alaska

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyeajiriwa katika ofisi ya jumuiya ya wenyeji wa asili wa Alaska, awe mhasibu au mratibu wa maliasili, ambaye amekabidhiwa kazi ya kuomba fedha za serikali ya Marekani ili jumuiya hiyo ishiriki katika Baraza la Usimamizi wa Pamoja wa Ndege Wahamao, yaani chombo ambamo serikali ya Marekani, jimbo la Alaska na wenyeji wa asili hujadili kanuni za uwindaji huo. Ninaandika kwa upande wa anayeandaa maombi. Kwa maoni yangu, maombi mengi hudhoofika kwa sababu mwandishi huomba fedha za kuhesabu bata, ilhali kazi kuu ya fungu hili ni kumwezesha mwindaji wa kijijini kufika mezani pale kanuni za uwindaji zinapojadiliwa.

Hatua ya kwanza: fahamu fungu hili lilikotoka

Mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, ulipiga marufuku uwindaji wa ndege wengi wahamao kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1. Kwa mwindaji wa kusini marufuku hiyo haikuwa na uzito mkubwa, lakini kaskazini mwa Alaska ndege huwasili majira ya kuchipua na huanza kuondoka majira ya joto yanapokwisha, hivyo sheria ilifunga miezi ileile ambayo kitoweo hicho hupatikana. Mwaka 1961 huko Barrow, mji ambao leo unaitwa Utqiaġvik, baada ya wawindaji kukamatwa kwa kuwinda bata nje ya msimu, watu 138 walijitokeza mbele ya ofisa wa wanyamapori, kila mmoja na bata wake, wakitaka nao wakamatwe.

Marekebisho ya mikataba ya ndege wahamao, yaliyofungua njia ya uwindaji huo wa wenyeji, yalitiwa saini na Kanada mwaka 1995 na Meksiko mwaka 1997, yakaanza kutumika mwaka 1999. Baraza liliundwa mwaka 2000, na msimu wa kwanza halali wa majira ya kuchipua na ya joto ulifunguliwa mwaka 2003. Nyaraka za marekebisho hayo zilitaka viwepo vyombo vya usimamizi vitakavyowapa wenyeji nafasi yenye uzito katika uhifadhi. Hoja hiyo iwekwe katika aya ya kwanza ya maombi, kwa sababu ndiyo msingi wa fedha zenyewe. Historia iliyobaki ifupishwe, maana wasomaji wako wanaijua.

Hatua ya pili: hakikisha ofisi yako ndiyo mbia wa kanda

Alaska imegawanywa katika kanda 12 kwa ajili ya kazi hii, na fedha hupitia shirika mbia la kanda. Mifano ni Kawerak mjini Nome, Maniilaq mjini Kotzebue, Association of Village Council Presidents mjini Bethel na kabila la Sun'aq huko Kodiak. Ikiwa wewe unatoka katika kijiji kimoja, njia iliyo nyepesi ni kuzungumza na mbia wa kanda yako ili mahitaji ya kijiji yaingizwe katika bajeti yake.

Angalia pia lugha unayotumia kuwataja walengwa. Kwa mujibu wa kanuni, mwenyeji mwenye haki ya kuwinda katika msimu huu ni mkazi wa kudumu wa kijiji kilichomo katika eneo linaloruhusiwa, bila kujali asili yake. Lakini viti vya wenyeji katika Baraza ni vya wawakilishi wa jumuiya za wenyeji wa asili. Usichanganye makundi hayo mawili katika maelezo yako.

Hatua ya tatu: usajili

Shirika lazima liwe na usajili hai katika SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaoomba fedha zake, unaotoa namba ya utambulisho iitwayo UEI na unaopaswa kuhuishwa kila mwaka. Usajili huo ni bure. Barua pepe inayodai malipo ili kukuhuishia usajili haitoki serikalini. Kisha tafuta programu yenye namba 15.643 katika Grants.gov, tovuti ya matangazo ya ruzuku za serikali, na usome tangazo la mwaka husika lote, pamoja na viambatisho vyake.

Hatua ya nne: jenga bajeti juu ya kalenda ya Baraza

Hapa ndipo kazi ilipo. Andika kwanza kalenda, ndipo ufuate namba. Mapendekezo ya kubadilisha kanuni kwa kawaida hupokelewa kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 15, na Baraza huyatolea uamuzi katika mkutano wa majira ya kuchipua. Kwa hiyo kikao chako cha kanda kinapaswa kufanyika mapema majira ya vuli, wakati ambapo wawakilishi wa vijiji bado wana muda wa kuandika pendekezo, na kingine baada ya mapendekezo ya kanda nyingine kusambazwa. Kikao cha mwezi Mei usikipange hata kidogo: msimu hufunguliwa Aprili 2, na Mei bata bukini wakishatua, watu unaowahitaji watakuwa nyikani.

Vijiji vingi havina barabara inayoviunganisha na miji. Mjumbe huruka kwa ndege ndogo hadi mji wa kanda, kisha hupanda nyingine hadi Anchorage, na ukungu ukishuka anaweza kulala njiani. Weka fungu la malazi ya dharura na ulieleze kwa sentensi moja ya wazi, maana mkaguzi asiyeifahamu Alaska ataliona kama ziada. Viwango vya posho ya safari kwa Alaska hupangwa na Wizara ya Ulinzi, si vile vinavyotumika katika majimbo yaliyo kusini mwa Kanada, na kosa la kuvichanganya ni la kawaida kuliko mtu anavyodhani.

Jambo jingine linalosahauliwa ni siku ya kukaa pamoja kabla ya mkutano. Kwa mpangilio wa kanuni zilizounda Baraza, kuna kura tatu: moja ya Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani, moja ya jimbo la Alaska na moja ya wenyeji wa asili wote kwa pamoja. Wawakilishi wa kanda zote wanapaswa kukubaliana msimamo mmoja kabla ya kuingia ukumbini, na makubaliano hayo hayawezi kupatikana katika mapumziko ya chai. Omba gharama za siku hiyo bila kuona haya.

Gharama za uendeshaji wa ofisi zifuate kiwango mlichokubaliana na serikali. Kama hamna makubaliano, kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2024 zinaruhusu hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zilizorekebishwa, yaani baada ya kuondoa baadhi ya vipengele. Fedha za ruzuku zisiguse vileo wala ushawishi wa kisiasa kwa Bunge la Marekani.

Hatua ya tano: maelezo ya kazi

Onyesha mnyororo mzima: nani atakusanya maoni, nani atayabeba, na nani atarudi kijijini kueleza kilichoamuliwa. Kipande hiki cha mwisho ndicho hukatwa kwanza bajeti inapobana, na mimi hukitetea kuliko vyote, kwa kuwa kanuni ambayo wawindaji hawajaelezwa haiwezi kulinda ndege yeyote. Ukihitaji mfano wa matokeo, mtaje bata bukini aitwaye kitaalamu Anser canagicus, ambaye uwindaji wake ulifungwa mwaka 1987 na kufunguliwa tena mwaka 2017 chini ya mpango uliopitia Baraza. Takwimu za ndege wanaowindwa na kila kaya zina utaratibu wake wa hiari katika jimbo. Jitolee kusaidia utaratibu huo, usianzishe wa kwako.

Hatua ya sita: baada ya kupata fedha

Hifadhi hati za safari na orodha ya mahudhurio ya kila kikao kuanzia siku ya kwanza. Taarifa ya fedha huandikwa katika fomu SF-425, na taarifa za mwisho huwasilishwa ndani ya siku 120 baada ya muda wa mradi kumalizika. Safari ikifutwa kwa sababu ya hali ya hewa, mwandikie ofisa wa ruzuku mara moja, umweleze sababu, na uombe kwa maandishi kuzihamishia fedha hizo kwenye kikao kinachofuata.