Kumwandalia Darasa Mwanachuo Mwenye Ulemavu: Mwongozo kwa Wakufunzi wa Mtwara na Lindi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanachuo mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, lakini haki hiyo hutimia au hupotea darasani, kutegemea namna mkufunzi anavyoandika ubaoni, anavyogawa vitini na anavyotunga majaribio. Mengi ya yanayohitajika hayana gharama kubwa, ila yafanywe kabla muhula haujachanganya.

Katika juma la kwanza, litangazie darasa zima kwamba yeyote mwenye hitaji la kujifunzia afike ofisini, kisha umuulize faraghani ni kitu gani kinachomsaidia. Usimkisie, kwa kuwa wawili wenye uoni hafifu wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja akataka kiti cha mbele, mwingine akapendelea nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa. Kwa mwenye kifafa, uliza dalili zinazotangulia na nani apigiwe simu, na fahamu mapema kwamba anapoanguka hulazwa ubavu na hatiwi kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Kwa asiyeona, tamka kila unachoandika. Maneno kama “hii ukiijumlisha na ile mnapata hiki” hayamfikishi popote. Sema “tano jumlisha eksi ni sawa na kumi na mbili”, naye ataandika pamoja na wenzake. Vitini navyo vina kasoro tuliyoizoea mno, yaani kurasa zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, ambazo programu nyingi za kusoma kwa sauti huziona kama picha tupu. Tuma faili lililochapwa, siku kadhaa kabla ya kipindi. Anayehitaji maandishi makubwa mchapishie kwa ukubwa wa 18 au zaidi, kwa wino mweusi uliokolea, wala usimpe nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine. Mwenye ualbino huumizwa macho na mwanga mkali, na jua la pwani yetu halina simile. Mkalishe mbali na dirisha linalopigwa na jua, mruhusu kofia na miwani ya jua darasani hata kama kanuni za mavazi zinakataza, na kazi za nje zipangwe asubuhi mapema.

Kwa mwenye uziwi au usikivu hafifu, geukia darasa unapozungumza, maana anayesoma midomo hana cha kusoma kwenye kisogo chako. Kati ya Desemba na Aprili, mvua inapopiga bati, acha kuhadhiri na uandike ubaoni. Hata wanaosikia watakushukuru. Maelekezo ya kazi yasiishie kwenye ujumbe wa sauti. Akiwapo mkalimani, mpe istilahi za mada mapema, na uzungumze ukimtazama mwanachuo, si mkalimani. Kumbuka pia kwamba baadhi yao wamekulia vijijini wakitumia alama za nyumbani tu, hivyo Lugha ya Alama ya Tanzania inaweza kuwa ngeni kwao.

Anayetumia kiti mwendo ahamishiwe darasa la ghorofa ya chini pamoja na kundi lake lote, si kuachiwa notisi za wenzake.

Kwenye majaribio, fuata utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa hiyo, jaribio la Historia la saa 2 litachukua saa 2 na dakika 20. Maswali yenyewe yabaki yale yale, kwani alama za huruma ni dhuluma iliyovishwa nguo nzuri: mhitimu atakwenda kazini bila ujuzi ambao cheti chake kinadai anao.

Mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wa ualimu anapopelekwa shuleni, ndiyo husahaulika zaidi. Kabla ya kumpanga mwanachuo Newala, Liwale au Nanyumbu, mpigie simu mkuu wa shule na umuulize kama choo kinaingilika kwa kiti mwendo, kama njia ya kutoka barabarani ni mchanga mtupu, na nyumba ya kupanga iko umbali gani. Jibu lisiporidhisha, mbadilishie kituo kabla barua hazijasainiwa, na umshirikishe mwenyewe katika kuchagua.