Jinsi ya Kuanzisha Maktaba ya Pamoja ya Picha za Kufundishia Udaktari

Picha bora za kufundishia udaktari jijini Nairobi zimetawanyika: eksirei ya kifua kikuu imo kwenye kipakatalishi cha mhadhiri mmoja, picha ya damu yenye vimelea vya malaria imo kwenye simu ya mwingine, na mwenye nazo akistaafu huondoka nazo. Idara zinazotaka kuziweka pamoja zisianze kwa kununua seva. Zianze kwa kuandika makubaliano yanayoeleza nani ataingiza picha, nani ataihakiki, nani anaweza kuiondoa, na kama mwanafunzi ataruhusiwa kuipakua au kuitazama tu. Makubaliano hayo yapelekwe mapema kwa kamati ya maadili, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Kazi inayohitaji uangalifu kuliko zote ni kuondoa utambulisho wa mgonjwa. Faili ya DICOM, yaani muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu, ambayo ndiyo inayotolewa na mashine za CT na MRI za kupiga picha za ndani ya mwili, hubeba ndani yake jina la mgonjwa (kwenye lebo 0010,0010), nambari yake, tarehe ya kuzaliwa, hospitali na tarehe ya kipimo, kwa hiyo kubadilisha jina la faili peke yake hakumfichi mtu yeyote. Katika ultrasaundi, mara nyingi jina huwa limechapwa juu ya picha yenyewe, na ni lazima sehemu hiyo ifutwe kabisa. Kisanduku cheusi kilichowekwa juu yake kwenye slaidi za somo husogezwa kwa kubofya tu. Picha za CT za kichwa zilizokatwa nyembamba zinaweza kuunganishwa na kompyuta hadi sura ya mtu ikaonekana, nayo picha ya simu huweza kuhifadhi mahali ilipopigwa. Kwa hayo yote, programu ya kusafisha faili isaidie, lakini jicho la binadamu lipitie kila picha kabla haijaingia. Mgonjwa naye aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa vyema, na aambiwe waziwazi kwamba picha ikishanakiliwa na wengine haiwezi kurudishwa yote.

Baada ya hapo huja maelezo, na hapa ndipo maktaba nyingi hufifia. Mhadhiri mmoja akiandika "TB", wa pili "kifua kikuu" na wa tatu "PTB", mwanafunzi anayetafuta hupata theluthi ya kilichopo. Chagueni mfumo mmoja wa misimbo na mshikamane nao. ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kwa mfano, hutenganisha A15, yaani kifua kikuu cha mfumo wa kupumua kilichothibitishwa na maabara, na A16, ambacho hakikuthibitishwa hivyo, na tofauti hiyo ni somo tosha. Kila picha iwe na umri wa mgonjwa kwa makadirio, jinsia, dalili zilizomleta, kinachoonekana, utambuzi wa ugonjwa na jinsi ulivyothibitishwa. Wekeni pia picha za kawaida zisizo na ugonjwa, maana bila hizo mwanafunzi hana cha kulinganishia. Ningesisitiza zaidi picha za ngozi nyeusi, ambazo ni chache mno vitabuni, kwani wekundu unaoelezwa humo huweza kuonekana kwetu kama zambarau au kahawia iliyokolea.

Kuhusu mitambo, Orthanc, programu huria iliyoanzia Liège nchini Ubelgiji, inatosha kuhifadhi faili za DICOM bila malipo ya leseni. Faili asilia iliyosafishwa ihifadhiwe kama ilivyo, na nakala ya kufundishia itengenezwe kando. Picha zisikusanywe kupitia WhatsApp, kwa kuwa kwa kawaida huzibana na kufuta maelezo madogo ambayo mtaalamu huyategemea. Wekeni nakala tatu, mojawapo nje ya jengo, na mjaribu mara kwa mara kuirejesha.

Kila picha ipewe nambari yake, na orodha inayounganisha nambari hiyo na mgonjwa ibaki hospitalini, ikifungwa, chini ya afisa mmoja aliyeteuliwa. Mgonjwa akibadili nia, afisa huyo hutafuta nambari, huomba picha iondolewe kwenye seva na kwenye nakala zote za akiba, na huandika tarehe ilipoondolewa.