Namna ya Kuimarisha Makabidhiano ya Kazi Katika Mradi

Katika miaka yangu ya kusimamia miradi, nimeona kazi zikiharibika zaidi pale zinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine kuliko zikiwa mikononi mwa mtu mmoja. Chombo cha anga cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu timu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza (vya aina ya pauni na futi), na nyingine ikazitumia kana kwamba ni za metriki (vipimo vya aina ya kilo na mita). Wataalamu walikuwepo pande zote mbili. Kosa lilipita katikati yao. Ndiyo maana naanzia hapo katikati.

Hatua ya 1: Choreni ramani ya kusubiriana. Andikeni kwenye karatasi kubwa majina ya watu, si ya idara, kisha mchore mshale kutoka kwa anayetoa kazi hadi kwa anayeipokea, na juu ya kila mshale muandike kinachokabidhiwa na siku yake. Usiichore peke yako ukawagawia wenzako, kwa kuwa faida yake hupatikana pale mmoja anaposema, "Kumbe ulikuwa unanisubiri mimi!"

Hatua ya 2: Kubalianeni maana ya neno "tayari". Katika mradi mmoja wa ujenzi niliousimamia, mchoraji aliandika kwamba michoro ya madirisha iko tayari, akimaanisha kuwa amemaliza kuichora. Mnunuzi alielewa kuwa imeidhinishwa, akaagiza fremu zote. Mteja alipobadilisha upana wiki iliyofuata, fremu zilikuwa zimeshakatwa. Hakuna aliyezembea. Tangu siku hiyo, kwa kila mshale, mtoaji na mpokeaji huketi pamoja na kuandika sentensi moja inayotaja kazi imefikia wapi, imekaguliwa na nani, na mpokeaji anaruhusiwa kuifanyia nini. Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, usiiache hii.

Hatua ya 3: Fanyeni kikao kifupi kila siku, kisichozidi dakika 15. Kila mmoja ajibu: namsubiri nani, nani ananisubiri, na nimekwama wapi. Mjadala mrefu waachiwe wahusika wenyewe baada ya kikao.

Hatua ya 4: Ipokee vizuri habari mbaya ya kwanza. Timu nzima hukutazama usoni siku mtu anapokiri kwamba amechelewa, na ukimfokea, wengine watajifunza kuficha hadi siku ya mwisho. Mshukuru kwa kusema mapema, kisha umuulize anahitaji nini na nani mwingine ataathirika. Suala la uwajibikaji mlizungumze faraghani.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kuongeza watu. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Wakiwa 10, njia hizo hufika 45. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwani wageni hufundishwa na walewale waliozidiwa na kazi. Ikibidi kuongeza, mpe kila mgeni mwenyeji mmoja, na kabla hajapewa jukumu lolote, rudini kwenye karatasi ya hatua ya 1 mkaandike jina lake na mishale yake, naye akiwepo.