Kabla ya Kununua Saa ya Kifahari, Soma Kalenda

Desemba ni mwezi mbaya wa kununua saa ya bei kubwa mjini Kampala, ingawa ndio mwezi wengi wanaoinunua. Watu wa kyeyo, yaani wanaofanya kazi ng'ambo, wamerudi nyumbani, harusi na kwanjula (sherehe za Waganda za kutambulishana kabla ya ndoa) zimejaa, na muuzaji anajua kwamba mteja anayeingia dukani tarehe 20 hana muda wa kuzunguka akilinganisha bei. Kama ni zawadi ya Desemba, anza kuitafuta Septemba.

Amua kwanza kama unataka mpya au iliyokwisha kuvaliwa, maana kila moja ina majira yake. Rolex kwa kawaida hupandisha bei mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo anayetaka mpya afadhali amalize malipo kabla mwaka haujageuka. Hata hivyo usitarajie wakala wao rasmi akupunguzie chochote. Kwao tatizo ni foleni ya kusubiri, na foleni hiyo haijali mwezi. Longines, Tissot na TAG Heuer ni habari nyingine: wapo wauzaji wanaokubali kupatana, hasa wakati wa Black Friday, siku ya mapunguzo ya bei mwishoni mwa Novemba.

Halafu kuna Aprili. Kwenye maonyesho ya saa ya Watches and Wonders, Geneva, Uswisi, kampuni kubwa hutangaza matoleo mapya, na toleo lililopitwa mara nyingi hushushwa bei ili liondoke kabatini. Si kila mara, lakini. Rolex ilipoacha kutengeneza Submariner ya kijani, ile ambayo wapenzi wa saa waliibatiza Hulk, mwaka 2020, zilizokuwa mikononi mwa watu zilipanda bei. Saa ya kawaida, subiri Aprili ipite. Saa inayogombaniwa, kungoja kunaweza kukugharimu.

Kwa saa iliyotumika, mimi huamini kalenda ya shule kuliko ya Geneva. Muhula wa kwanza hufunguliwa Februari, sikukuu zimeshamaliza akiba, na mwenye saa anayoivaa mara mbili kwa mwaka huanza kuiona kama karo. Mnunuzi mwenye pesa mkononi husikilizwa wakati huo. Ila haraka ya muuzaji isigeuke haraka yako. Namba ya utambulisho iliyo kwenye saa ilingane na ya kwenye kadi ya dhamana, na fundi unayemwamini, si aliyeletwa na muuzaji, aifungue mgongo ukiwa umesimama hapo. Boksi na kadi peke yake si ushahidi, kwa sababu navyo hughushiwa. Angalia pia bei za miezi ya karibuni katika masoko ya mtandaoni kama Chrono24. Bei za Rolex na Patek Philippe zilizotumika zilipaa wakati wa korona, zikafika kilele mapema 2022, kisha zikaporomoka. Aliyenunua kileleni kwa kuamini kwamba saa haishuki thamani alijifunza kwa gharama.

Kama itatoka nje ya nchi, hesabu za kodi zifanywe kabla ya tiketi. Dubai, mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yao ya asilimia 5, akafurahi, kisha akakutana na VAT ya Uganda ya asilimia 18 uwanja wa ndege wa Entebbe, juu ya ushuru wa forodha. Kaka aliye London hawezi hata kukusaidia upande huo: Uingereza iliacha kuwarudishia wageni VAT kwa bidhaa wanazoondoka nazo dukani tangu Januari 2021. Wapo watakaokushauri uivae tu mkononi upite kimya kimya. Usiwasikilize. Tunza risiti, uitangaze saa kwa watu wa forodha. Na kama ununuzi unaangukia katikati ya mwaka, sikiliza bajeti inayosomwa Juni, kwani mabadiliko ya kodi huanza kutumika 1 Julai.

Bei ikiwa ya dola na akiba yako ni ya shilingi, nunua dola kidogo kidogo badala ya kukimbilia zote siku ya mwisho.

Lililobaki ni la baada ya kununua, ila liulizwe kabla. Dhamana ya Rolex na ya Omega ni miaka 5, na huhesabiwa kuanzia tarehe ya mauzo iliyo kwenye kadi. Saa inayoitwa mpya kwa muuzaji asiye wakala inaweza kuwa imeshakula mwaka mzima wa dhamana ikiwa kabatini. Saa ya mitambo, isiyotumia betri, pia huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na vipuri halisi vya kampuni hizi si rahisi kuvipata kwa fundi wa mtaani. Muulize muuzaji saa ikihitaji matengenezo itatumwa wapi, nani atalipia usafiri na bima, na itakaa huko muda gani. Akibabaika kwenye hilo, mwambie utarudi kesho.