SOMO: Kuchagua taa za LED na UV kwa hema la mboga ndani ya nyumba

Kila Oktoba, giza likianza kututawala hapa Stockholm, napokea swali lilelile: "Kaka, ninunue taa gani nipate mchicha wakati wa baridi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Disemba jua letu huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Mboga ya dirishani hurefuka kama uzi, hupauka, halafu hulala. Hema na taa ndivyo vinavyonilisha mboga za nyumbani mpaka majira ya kuchipua.

Hatua ya 1. Pima hema lako. Langu ni sentimita 80 kwa 80, urefu 160.

Hatua ya 2. Zisahau wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Taa inayojiita "1000W" huweza kuvuta wati 100 tu kwenye soketi. Tafuta wati halisi zinazovutwa. Lumeni nazo ziache, kwani hupima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho letu hupenda kijani. Mmea hutumia fotoni, yaani chembe za mwanga, za kati ya nanometa 400 na 700 (nanometa hupima urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi yake). Kwa hiyo muulize muuzaji: taa inatoa mikromoli ngapi (hicho ni kipimo cha idadi ya fotoni) kwa kila juli ya umeme? Taa nzuri za sasa hufika 2.5 na kupanda. Asiyejua jibu, usinunue kwake.

Hesabu yangu ni hii. Hema lina mita za mraba 0.64. Taa ya wati 100 yenye 2.7 hutoa mikromoli 270 kwa sekunde. Gawanya kwa 0.64, unapata kama 420 kwa mita ya mraba. Toa zinazopotelea kwenye kuta, zinabaki kama 300. Mchicha, sukuma wiki na figiri huridhika na 200 hadi 400. Pilipili na nyanya zinataka mara mbili ya hapo, maana zinabeba matunda.

Kisha zidisha 300 kwa saa 14, halafu kwa 0.0036 (sekunde 3600 za saa moja, ukigawanya kwa milioni kupata moli): unapata moli 15 kwa mita ya mraba kwa siku. Mboga za majani hukua vizuri kati ya 12 na 17.

Hatua ya 3. Chagua mwanga mweupe wa kelvini 3000 hadi 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa K), ikiwezekana wenye diodi nyekundu, vile vitaa vidogo vya LED, za nanometa 660. Taa za zambarau huotesha pia, lakini chini yake huwezi kuona jani linaloanza njano wala utitiri, na ukija kugundua umechelewa.

Hatua ya 4. Tundika sentimita 30 hadi 45 juu ya majani. Taima iwashe saa 12 asubuhi, izime saa 2 usiku. Weka feni. Waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Hatua ya 5. UV, yaani miali ya urujuanimno. Hapa soma polepole.

Mwaka wangu wa pili nilisoma kwamba UVB, aina mojawapo ya UV, hufanya letusi nyekundu iive rangi. Nikanunua bomba la UVB linalotumiwa na wafuga mijusi, nikaliweka sentimita 15 juu ya majani, nikaliunga kwenye taima moja na LED. Jioni niliingiza kichwa hemani nikapunguza miche kwa kama dakika 40. Sikuhisi chochote. Saa sita usiku niliamka macho yanawaka kana kwamba nimetiwa mchanga, machozi yanatiririka, taa ya chooni tu siwezi kuitazama. Daktari aliniambia ngozi ya juu ya jicho imeungua, kama inavyompata fundi wa kuchomelea asiyevaa kioo. Nililala siku nzima na kitambaa machoni. Letusi nayo ilijikunja, ikapata mabaka ya rangi ya shaba. Binti yangu wa miaka minne hupenda kuchungulia "shamba la baba", na siku ile tu alikuwa kwa shangazi yake. Ndiyo maana naandika kwa ukali.

Basi shikeni haya. UVC, chini ya nanometa 280, ni taa za kuua vijidudu. Haziingii hemani kabisa. UVB, 280 hadi 315, iwe na taima yake, anza na dakika 15 kwa siku, na swichi yake iwe nje ya hema: izime kabla hujafungua zipu, na vaa miwani ya polikaboneti yenye kuzuia UV. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, kwa hiyo usiseme "mbona sijasikia kitu". Zile diodi za nanometa 395 hadi 405 zinazouzwa kama UV ni mwanga wa urujuani kwa sehemu kubwa. Usilipe pesa za ziada kwa ajili yake.

Na mchicha wako hauhitaji UV ili ukue. Ukiwa na watoto, acha.

MASWALI

DogoMalmö: Mkuu, taa gani nzuri? Nina hema tayari.

Jibu: La ukubwa gani? Unapanda nini? Hatua ya 1 na ya 2.

DogoMalmö: Hesabu ndefu hizo, taja tu jina la taa.

Jibu: Sitaji. Jina moja huuza taa nzuri na mbovu pamoja. Hesabu ni mistari mitatu, kaa nayo dakika tano.

Mama Mchicha: Shikamoo kaka. Mchicha wangu ukifika kimo cha kiganja unatoa maua, majani hayanenepi. Taa ni ya wati 100 kama yako.

Jibu: Marahaba dada. Unaiwasha saa ngapi kwa siku?

Mama Mchicha: Kumi, nabana umeme.

Jibu: Hapo ndipo penye tatizo. Aina nyingi za mchicha ni mimea ya siku fupi: usiku ukiwa mrefu, mmea unaona msimu unaisha, unakimbilia mbegu. Peleka saa 14 hadi 16. Ukitaka kubana umeme, punguza ukali wa taa kidogo, saa ziache. Wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, kama 42 kwa mwezi.

Msafiri wa Pwani: UV iko juani, na babu zetu wamelima juani maisha yao yote. Unatutisha bure.

Jibu: Babu yako hakulitumbulia jua macho kwa dakika 40 akiwa karibu nalo kiasi cha rula. Mimi nilikaa hivyo na lile bomba. Vaa miwani.

Fundi wa Kigoma: Sina kipimo cha mikromoli, ni ghali. Naweza kutumia cha laksi, kile kinachopima mwanga kwa jicho la binadamu?

Jibu: Unaweza, na nimefurahi umeuliza. Kwa LED nyeupe, gawanya laksi kwa kama 65 hadi 70. Ukisoma laksi 20,000, una karibu mikromoli 300. Kwa taa ya zambarau hesabu hiyo haifai kabisa. Pima katikati na kona zote nne. Kona zangu zilikuwa nusu ya katikati, nikawa nazungusha vyungu vya miche kila Jumapili.

Fundi wa Kigoma: Je, UVB ikipita dirishani hainisaidii letusi iive rangi?

Jibu: Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Mmea una kipokezi chake cha UVB, ukikigusa unatengeneza rangi nyekundu kama mwavuli wa kujikinga. Lakini mwanga mweupe mkali na usiku wa baridi kidogo, nyuzi 15 hivi, huleta rangi pia, na hutaumia macho. Mimi sasa hufanya hivyo.

Neema wa Kimara: Niko Dar, nataka hema sebuleni.

Jibu: Dada, una jua kwa muda wa saa kama 12 kila siku, mwaka mzima! Pesa hiyo nunua neti ya kivuli na ndoo za barazani.

Mama Mchicha: Nimeweka saa 15, wiki mbili sasa, majani yamekuwa mapana! Mbegu zimeniishia, nimwambie mama anitumie kutoka Moshi?

Jibu: Hongera sana! Mbegu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya zinahitaji cheti cha afya ya mimea, bila hicho forodha huzizuia. Jaribu duka la Wahindi au Wachina, mchicha mwekundu wanao. Na ukivuna usiung'oe. Kata ukiacha vifundo viwili vitatu chini, utachipua tena.